Mkono wa Bhoke na Kalamu ya Rangi Nne

Vijana wa kitengo, siku mliponiaga kwa soda na keki, mmoja wenu alisimama akaniomba niwaachie siri ya kazi. Nilicheka kwa sababu sina. Nilichonacho ni madaftari saba yaliyoliwa na mende pembeni, penseli iliyobaki kipande, na mshangao ambao miaka yote ile haikuupunguza. Wapo wanaostaafu wakiwa wamewachoka watu. Mimi nimestaafu nikiwa bado nawatazama na kushika mdomo. Kwa hiyo nitawaeleza nilivyoanza, kisha niwasimulie mgonjwa mmoja aliyenifundisha kuliko chuo, na nyinyi mtachukua kitakachowafaa.

Nilifika Tarime nikitokea Njombe, na cheti cha uuguzi wa afya ya akili, sanduku la bati, na koti zito ambalo sikulihitaji tena. Kituo cha afya nilichopangiwa kilikuwa upande wa Nyamongo. Nilioneshwa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua: meza moja, viti viwili, kabati lisilofunga. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mzee aliyekuja kung'oa jino na kukosea mlango. Aliposoma kibao cha Afya ya Akili alirudi nyuma hatua mbili, akasema jino limeshapona, akaenda zake. Nilikaa peke yangu mpaka saa nane mchana, nikiwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri sana.

Mkuu wa kituo alikuwa Sista Perpetua, mkunga, Mkurya wa Genkuru, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Hakuwahi kusomea saikolojia. Lakini alikuwa amezalisha nusu ya watu wa maeneo yale, na alipomwona mtu mzima anakuja analia aliweza kukwambia alivyolia siku ya kuzaliwa. Mimi nilimheshimu kama bosi. Ilinichukua muda kumheshimu kama mwalimu, na huo muda ndio ninaoujutia.

Nilikuja na kifaa kimoja nilichokipenda kupita kiasi: kalamu ya rangi nne, zile nene za kubofya juu. Chuoni tulifundishwa kwamba tabia ya binadamu inaweza kuelezwa kwa njia kadhaa, na mabingwa wa kila njia huwaona wenzao wamepotea. Nikajitengenezea utaratibu. Bluu ilikuwa ya mwili: ubongo, mishipa, damu, urithi wa ukoo. Nyekundu ilikuwa ya mazoea, kwamba jambo likifuatwa na faida mtu hulirudia, likifuatwa na maumivu huliacha. Ng'ombe aliyeonja chumvi mahali hahitaji kuswagwa kurudi hapo. Kijani ilikuwa ya yaliyozikwa, zile hofu na machungu ambayo mtu mwenyewe hajui kama anayo, lakini yanatafuta pa kutokea. Nyeusi ilikuwa ya mawazo, yaani namna mtu anavyojisimulia mwenyewe yale yanayompata.

Tulifundishwa na njia nyingine mbili. Ipo inayosema mtu si mashine wala jeraha, ni kiumbe anayetaka kupendwa, kukua na kuchagua maisha yake. Na ipo inayosema usimtazame mtu peke yake, tazama desturi na watu aliokulia kati yao. Hizo mbili kalamu yangu haikuwa na rangi zake, nami niliona ni mambo ya hotuba, nikaziacha.

Sista Perpetua alinikuta siku moja najaza faili kwa rangi zote nne. Alisimama mlangoni, akatazama, akaniita mura, yaani kijana kwa Kikurya.

"Wewe mura, unaandika watu kwa wino?"

"Ndiyo, Sista. Ndivyo inavyotakiwa."

Aliingiza mkono mfukoni akatoa penseli ya njano, akaiweka mezani. "Andika na hii kwanza. Inafutika."

Nilisema asante, nikaitupa kwenye droo.

Bhoke aliletwa kituoni kipindi mtama ulikuwa unaanza kutoa masuke. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Morotonga huko Serengeti, ameolewa Kerende. Alikuja na mama mmoja mzee, mrefu, mkavu, anayetembea na fimbo, na mtoto wa kike wa miaka mitatu anayeitwa Ghati. Mkono wa kulia wa Bhoke ulikuwa umekufa. Ulining'inia tu. Asubuhi moja, miezi miwili kabla, alishika mwiko asonge ugali, mwiko ukaanguka, na mkono haukuwahi kushika kitu tena. Walishakwenda hospitali kubwa, akapigwa picha, akapimwa damu, na cheti cha mwisho kilisema hakuna kilichoonekana. Ndipo wakaambiwa wamwone mtu wa akili, maana yake mimi.

Nyuma yao aliingia mwanamume wa makamo, Chacha, aliyejitambulisha kuwa ni wa ukoo alikoolewa Bhoke. Hakukaa. Alisema kikao cha ukoo kimempa Bhoke muda mpaka mavuno ya mtama. Nyumba haiwezi kuwa na mke asiyelima wala kupika. Asipopona, atarudishwa kwao Morotonga.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Mtoto ni wa nyumba yetu. Ng'ombe wa mahari walitoka kwetu." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza barabara inapopita.

Nilimtazama Bhoke. Alikuwa amemshika Ghati kwa mkono wa kushoto, amemshika sana, mpaka mtoto akalalamika.

Nikaanza kazi. Hapa wale wapya msikilize, kwa kuwa vipimo vyenyewe vilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mpimaji. Nilimchoma kidogo kwa sindano: hakusikia kitu kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono, na juu ya kifundo akasikia vizuri kabisa. Mishipa ya fahamu haijagawanyika hivyo. Ugonjwa wa mishipa ya mkono mmoja haukomi ghafla mahali glavu inapokoma. Nilimlaza chali, nikauinua mkono wake juu ya uso wake, nikauachia ghafla. Mkono uliokufa kweli ungempiga puani. Wa Bhoke ulianguka pembeni. Nikabofya bluu nikaandika: mwili hauna ugonjwa. Lakini msije mkamwambia mgonjwa wa namna hii kwamba hana kitu, na msidiriki kusema anaigiza. Bhoke hakuwa anaigiza. Nilipomwambia ajaribu kufunga kidole kimoja tu, jasho lilimtoka, machozi yakamlenga, na kidole hakikutikisika.

Kisha nikafanya kosa. Yule mama mzee alikuwa anajibu maswali kabla ya Bhoke hajajibu, nami nilishafundishwa juu ya mama wakwe wanaowaziba mdomo wake za watoto wao. Nikamwomba atoke nje, kwa adabu zote. Alichukua fimbo yake, akatoka. Alikwenda kukaa kwenye benchi la wajawazito.

Nikamuuliza Bhoke mume wake yuko wapi. Akainama. Nikauliza kama amesafiri, kama amefariki, kama ana mwanamke mwingine. Akasema tu, "Yupo." Nikaandika kwa kijani: mume hajulikani alipo, mgonjwa anaona aibu, huzuni iliyozikwa. Kwa nyekundu nikaandika: mkono umempumzisha kazi za shamba, hiyo ndiyo faida. Kwa nyeusi nikaandika: anajiona ameachwa. Ziara tatu mfululizo nilimtoa yule mama nje, na ziara tatu mfululizo nilimuuliza Bhoke kuhusu upweke wake. Ukurasa ulipendeza sana. Mkono haukusogea.

Sista Perpetua alikuwa likizo wakati huo. Aliporudi nilimpelekea faili, nikijivuna kidogo. Alisoma mpaka mwisho, akalifunga, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

"Huyu mama unayemtupa kwenye benchi langu kila wiki unajua ni nani?"

"Mkwe wake, nafikiri."

"Huyo ndiye mume wake."

Nilidhani ananitania. Akaacha kucheka, akakaa, akanieleza nyumba ntobhu. Mwanamke aliyezeeka bila mtoto wa kiume, naye ana mji wake na ng'ombe wake, anaoa. Anatoa mahari kama mwanamume yeyote, anamleta binti nyumbani, na watoto ambao binti atazaa na mwanamume atakayemchagua ni wake, wanabeba jina la nyumba yake ili isifutike. Bibi Mugesi, yule mkavu wa fimbo, alikuwa mjane na binti zake walishaolewa mbali. Alikuwa amemwoa Bhoke kihalali mbele ya ukoo mzima. Na mimi, mtaalamu kutoka chuo, nilikuwa nimemtoa mume chumbani ili nimuulize mke kwa nini mume hayupo.

"Ila wewe ungemjuaje," Sista alisema, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko. "Kesho tunakwenda Kerende. Na hiyo kalamu yako ya sherehe uiache hapa."

Tulifika mchana wa jua kali. Shambani mtama ulikuwa umeshainamisha vichwa; nilihesabu wiki zilizobaki kabla ya mavuno. Bhoke alikuwa ameketi kwenye mkeka, Ghati amelala juu ya ule mkono uliokufa kama juu ya mto. Jikoni Bibi Mugesi alikuwa anasonga ugali. Nilisimama nikamwangalia. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani, na yule mama, mifupa mitupu, alikuwa anaugeuza ugali wa mtama kwa mikono miwili, ule ugali mzito unaoshinda vijana, jasho linamtiririka shingoni.

"Shikamoo, bibi," nilisema. "Nimekuja kuomba radhi. Nilikutoa nje kwa kutokujua."

"Marahaba." Hakugeuka. "Wewe ni mgeni. Mgeni hana kosa, ana njaa tu. Kaa."

Tulikula. Kisha, kwa adabu ya kawaida, nikamuuliza yeye afya yake ikoje. Swali hilo sikuwahi kulipangia rangi.

"Sasa hivi nina nguvu," alisema. "Ila mwaka huu mimi nilikuwa nimelala. Mvua za masika zote nimelala. Nilikuwa nimemaliza."

"Umemaliza nini, bibi?"

"Kuishi. Chakula sitaki, uji sitaki. Huyu Bhoke alikuwa ananilisha kwa mkono wake kama ndege. Mimi nikaona namtesa bure. Nikamwita nikampa mwiko wangu. Nikamwambia, chukua, sasa jiko ni lako, mimi nakwenda."

Penseli ya Sista Perpetua, aliyokuwa ameshika kuandika, ilisimama.

"Ukampa mwiko siku gani, mama?" aliuliza.

"Jioni moja. Kesho yake asubuhi ndio mkono ukafa. Mtoto analia njaa, huyu analia mkono, nani apike? Nikaamka."

"Ukaamka kitandani?"

"Ningefanyaje? Nikaamka. Mpaka leo sijalala tena mchana."

Vijana, hapa msikilize tena. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda cha watu, ugali bado uko vidoleni, na nilihisi kama mtu aliyefunguliwa pazia. Mkono ulikuwa umekataa mwiko. Ulikufa ili Bibi Mugesi asife. Ilikuwa ni faida kweli, kama nyekundu yangu ilivyosema, ila haikuwa mapumziko ya shamba, ilikuwa ni uhai wa mtu mwingine. Ilikuwa ni hofu iliyozikwa kweli, ila haikuhusu mwanamume yeyote. Na haikuwezekana kueleweka bila nyumba ntobhu, kwa sababu Bibi Mugesi akifa kabla Bhoke hajazaa wa kiume, yeye na Ghati wangebaki mikononi mwa ukoo. Zaidi ya yote, na hili ndilo lililonifanya nione haya, chini kabisa kulikuwa na upendo, nami sikuwa nimeuwekea rangi.

Papo hapo nikaona na mtego wenyewe. Mkono ukipona, bibi atarudi kulala afe. Usipopona, Bhoke atarudishwa Morotonga bila mtoto. Nikafungua mdomo nieleze yote, nikiwa na furaha ya aliyepata jibu la mtihani. Sista Perpetua alinibana paja kwa vidole vya mkunga. Baadaye alinieleza: ukimwambia mtu siri ambayo mwili wake umemfichia, ataisikia kama mashtaka. Kwake itakuwa umemwita mwongo.

Badala yake yeye alimgeukia Bibi Mugesi, akauliza polepole, "Mama, huu mkono ukipona, wewe utafanya nini?"

"Nitarudi kulala," bibi alijibu mara moja, kama kitu kinachojulikana.

Bhoke akaanza kulia. Katika ziara zote machozi yalikuwa yanamlenga tu. Siku ile alilia kwa sauti, kilio cha msiba, mpaka Ghati akaamka akaanza kulia naye.

Bibi Mugesi alimtazama. Akautazama mkono. Akamtazama tena. Sijui alielewa nini wala kwa njia ipi, ila uso wake ulibadilika, ule ukavu ukalegea, na nikaona jinsi alivyokuwa msichana mzuri zamani. Aliinuka bila fimbo, akaenda jikoni, akarudi na mwiko. Akakaa nao mapajani.

"Sikiliza, Bhoke. Nilikosea kukupa. Mwiko ni wangu. Mkono upone, usipone, ugali wa jioni katika nyumba hii nasonga mimi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na wewe, mura, umesikia? Andika."

Niliazima penseli ya Sista nikaandika.

Hayakuwa maajabu ya siku moja, msidanganyike. Nilikwenda Kerende kila wiki. Tulianza na maji ya vuguvugu na kupapasa, kisha kukamua kitambaa, kisha kupukuchua mahindi na Ghati, wakishindana. Kidole cha mwisho kilirudi kwanza, gumba likawa la mwisho. Kila nilipofika nilimkuta bibi yuko kwenye miguu yake, ananigombeza kwa kuchelewa. Alikuwa anaishi kwa amri aliyojiwekea.

Siku ya mavuno nilijipa safari ambayo haikuwa kwenye ratiba. Chacha alikuwa amesimama mwisho wa shamba na wazee wawili wa ukoo. Bhoke alikuwa katikati ya mtama, kisu mkononi, mkono wa kulia, anakata suke, anatupa kikapuni, anakata. Hakuwa na kasi, lakini hakusimama. Wale wazee walitazama kwa muda, wakasemezana kwa Kikurya, wakaondoka. Chacha alibaki.

"Dokta, umempa dawa gani?"

Mimi si daktari, na nilishachoka kumsahihisha. Nilimwambia ukweli, kwamba sikumpa dawa yoyote. Alinitazama kwa mashaka, nafikiri mpaka leo anaamini nilimficha.

Ghati akabaki na mama yake. Mimi nilirudi kituoni, nikafungua droo, nikatafuta ile penseli ya njano. Tangu siku ile nimeanza kila mgonjwa kwa penseli, na nimefuta mengi. Sikuzitupa zile njia nilizosoma, na nyinyi msizitupe. Kila moja imewahi kunisaidia: nimeona kifafa kilichoitwa mapepo kikitulia kwa kidonge, nimeona mchimbaji wa dhahabu aliyeogopa shimo akirudi hatua kwa hatua mpaka akashuka. Ila sikuwahi tena kuingia kwa mgonjwa nikiwa najua jibu. Na kila mara nimemuuliza aliyeketi pembeni afya yake ikoje.

Wiki moja kabla ya kustaafu nilikwenda Kerende kuaga. Sista Perpetua alishatangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita, kwa hiyo nilikwenda peke yangu. Ghati anafundisha sekondari, ana wadogo zake wawili, wote wa kiume. Ilikuwa alasiri inaelekea jioni. Bibi Mugesi haoni tena vizuri, mgongo umepinda, lakini alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya sufuria, mwiko mikononi. Bhoke alikuwa amechuchumaa nyuma yake, amemshika viwiko, na kwa kweli mzigo wote wa ule ugali alikuwa anausukuma yeye. Bibi alikuwa anamfokea asimguse, anaweza mwenyewe.

Nilisubiri bibi aanze kupakua, nikamvuta Bhoke pembeni. Nilimuuliza swali nililolibeba miaka yote, kama wakati ule alijua mkono wake unafanya nini.

Aliutazama mkono wake, akaugeuza.

"Mimi sikujua, Dokta. Mkono ndio ulijua."

Nilitoa daftari nikaandika maneno hayo kwa penseli, kama kawaida yangu. Kisha nikatafuta kalamu ya wino mfukoni, nikayapitia tena juu yake, herufi moja moja.

"Nani huyo anapiga hadithi, ugali unapoa?" Bibi Mugesi aliita.

Tukaenda kukaa. Bhoke alileta beseni na jagi, akainama mbele yangu, na kwa mkono wake wa kulia akaninawisha.